Viberiti vya mabawa: siku tisa kutoka Bukoba hadi Busoga

Jumatano. Bukoba, Mutukula, Masaka

Nimetoka Bukoba alfajiri na begi moja. Ndani kuna daftari la kurasa zisizo na mistari, penseli nne, lenzi ya kukuzia mara kumi niliyoiazima na viberiti vitupu saba. Mke wangu aliuliza viberiti vya nini na mimi sivuti sigara. Nikamwambia ni vya mabawa. Hakuuliza tena, amenizoea.

Kazi yangu ni kuchora mabango: saluni, bucha, maduka ya dawa, kuta za shule. Mwezi Agosti shule moja iliniagiza chati ya wadudu wanaoeneza magonjwa. Nikachora mbu, kiroboto, chawa na mbung'o. Mbung'o nilimpa mwili wa kahawia na mdomo uliochomoza mbele, nikasimama mbali, nikaona nimemaliza. Mwalimu wa biolojia akaja, akaitazama chati kama anayesoma risiti, akasema, "Fundi, huyu ni nzi wa jikoni umemshikisha sindano." Nilikuwa nimemvika mabawa ya nzi wa kawaida, tena ya kubuni. Chati ikarudi, nusu ya malipo sikuiona, na kilichoniuma zaidi ni kwamba mwalimu alikuwa na haki.

Sasa kanipa nafasi ya pili, chati ya mabawa matupu, kila bawa kubwa kama mlango wa kabati. Safari hii nimeapa kutochora kitu ambacho sijakiona. Senene, wale panzi wa kuliwa, wapo msimu huu, shemeji zangu wako Masaka nchini Uganda, na huko huko Uganda, upande wa Busoga, kuna mtu ambaye kazi yake ni kutega mbung'o. Ndiyo ratiba yenyewe.

Ndani ya Coaster, basi dogo, nimesoma fotokopi aliyonipa mwalimu. Ni mfumo wa kuyapa majina mishipa ya mabawa uliotungwa na Wamarekani wawili, John Henry Comstock na James George Needham, mwaka 1898 na 1899. Mishipa mikubwa ni sita, ukianzia ukingo wa mbele wa bawa ukirudi nyuma: kosta, sabukosta, radiasi, media, kubitasi na anali. Kwenye mchoro inaandikwa C, Sc, R, M, Cu na A. Mabwana hao walishikilia kwamba mabawa ya wadudu wote yametokana na ramani moja ya kale. Kwa hiyo radiasi ya kereng'ende na radiasi ya nyuki ni ndugu. Mmoja amegawanyika matawi, mwingine amepinda, mwingine karibu afutike, lakini ukoo ni ule ule. Nikamweleza abiria wa jirani, akaniuliza kama nimelipwa kwenda kuangalia nzi. Nikasema bado.

Mutukula, mpakani, foleni ilikuwa fupi. Masaka tumeingia mchana, na kwa binamu yangu aliyeolewa Nyendo, kitongoji cha Masaka, nimekuta ndizi zimeshaiva jikoni. Kihaya changu na Kiganda chao vinaelewana nusu; nusu inayobaki tunaimalizia kwa Kiswahili.

Alhamisi. Nyendo

Leo hakuna aliyetazama chini. Waganda mwezi huu wa Novemba wanauita Museenene, mwezi wa senene, na tangu jioni kila mtu Nyendo shingo yake iko juu. Kwetu Bukoba senene ni kitoweo na heshima ya mgeni. Hapa ni mtaji. Mwenye taa amekopa, amekodi mabati, amelipia umeme, na usiku ambao senene hawakushuka ni deni linaloamka naye asubuhi.

Shemeji amenipeleka kwenye uwanja wa mtego. Mabati mapya yamesimamishwa kwa mteremko, miguu yake ndani ya mapipa, safu baada ya safu, na juu ya nguzo taa kali isiyotazamika. Pembeni wanachoma majani mabichi, moshi unapanda mzito. Senene anafuata mwanga, anaingia kwenye moshi, anagonga bati, anateleza hadi pipani. Vijana wamevaa makoti ya mvua na miwani ya jua, saa tatu usiku.

Kabla hawajashuka nilikuwa namtazama fundi akinyoosha bati lililokunjamana. Nilimuuliza kwa nini wasitumie mabati bapa, si ndiyo yanateleza zaidi? Akacheka. "Mzee, bati bapa halisimami. Ukiliegemeza tu linalala. Hii mikunjo ndiyo mifupa yake." Akachukua kipande cha karatasi ya sigara, akakikunja mara nne kama feni, akakisimamisha kiganjani na kuweka kifuniko cha soda juu yake. Karatasi haikulala.

Nimeichora ile karatasi kabla sijachora bawa lolote, kwa sababu kwenye fotokopi ya mwalimu kulikuwa na alama za kujumlisha na kutoa kando ya kila mshipa na sikuwa nimezielewa. Kujumlisha ni mshipa unaokaa juu ya tuta, kutoa ni ule unaokaa bondeni. Kosta juu, sabukosta chini, radiasi juu. Bawa la mdudu halijalala kama karatasi ya daftari, limekunjwa kama bati. Utando wenyewe ni mwembamba kupita ngozi ya kitunguu, na bado unapiga hewa bila kujikunja, kwa sababu ya matuta na mishipa iliyokaa juu yake na ndani yake. Na mimi Agosti nilichora bapa!

Yapata saa tatu na nusu nilisikia mvua kwenye mabati. Nikainua kichwa, mbingu kavu. Walikuwa ni wao. Kwa muda wa saa nzima hakuna aliyeongea na mwenzake, watu wanamimina mapipa kwenye magunia na kurudi. Mdudu mwembamba alinitua shingoni nikampiga kofi bila kufikiri. Kijana mmoja akapiga kelele, "Puliza! Usipige!" Nilikuwa nimeshapiga.

Ijumaa. Nyendo bado

Siku ya kukaa chini. Tangu asubuhi akina mama wako barazani na beseni, wanachambua senene: miguu, mabawa, na papasi, zile nyuzi za kichwani. Vidole wanavipaka majivu ili wasiteleze. Kazi inakwenda kwa kasi ambayo macho yangu hayaifuati, mabawa mawili ya kulia kwa mkupuo mmoja, mawili ya kushoto kwa mwingine. Pembeni ya kila mama kuna kichuguu cha mabawa ya kijani na ya kahawia, kinachopeperuka mtu akipita. Kwao ni takataka. Mimi nimepiga magoti mbele ya takataka hiyo na lenzi jichoni.

Ssenga, yaani shangazi, wa shemeji, mama wa makamo mwenye sauti ya amri, alinitazama kwa muda. "Ssebo, wewe unakula mabawa?"

"Hapana, Ssenga. Nayachora."

"Ukimaliza kuyachora unapata nini?"

Nikataja kiasi. Akaguna, akasema zamani mwanamke aliyemkusanyia mumewe senene alidai gomesi mpya, lile vazi la Kiganda, na kwamba hiyo ilikuwa biashara yenye akili kuliko yangu. Waliobaki wakacheka hadi beseni likatikisika. Kijana wa bodaboda aliyekuwa ameegemea ukuta hakugusa hata mmoja wa kukaanga aliopewa. Ni wa ukoo wa Nsenene, na mtu hali mwiko wake. Ila kuwabeba magunia kwa magunia hadi stendi hakuna mwiko.

Sasa bawa lenyewe. Senene ana jozi mbili. Ya mbele ni nyembamba, ngumu kidogo, kama karatasi ya kaki iliyopakwa mafuta, na inafunika ya nyuma kama mfuniko wa sufuria. Ya nyuma ukiivuta polepole kwa ncha ya penseli inafunguka kama mwavuli. Mishipa ya sehemu ya nyuma imetawanyika kutoka shina moja, kati ya mshipa na mshipa kuna mkunjo, na vimishipa vifupi vya kukingama vinaishika kama fito kwenye ukuta wa udongo. Ukiiachia, nusu inajikunja yenyewe. Nimeifungua na kuiachia mara nyingi kuliko kazi ilivyohitaji.

Kisha nikaanza kutenganisha madume na majike. Jike ni rahisi, ana upanga mrefu wa kutagia nyuma. Dume ndiye mwenye siri, nayo iko kwenye mshipa. Mabawa yake ya mbele hulala la kushoto juu ya la kulia. Geuza la kushoto, karibu na shina, utaona mshipa mmoja mnene uliokatwa meno madogo madogo, kama msumeno au kitana cha kuchania chawa. Bawa la kulia, mahali panapokutana na meno hayo, lina ukingo mgumu wa kukwaruzia, na pembeni yake kidirisha cha utando mwangavu usio na mishipa, kama kioo cha saa. Dume akisugua meno juu ya ukingo, kidirisha kinavuma. Ule mlio mrefu wa senene usiku kwenye majani, unaodhani unatoka kooni, unatoka kwenye mshipa wa bawa. Nyenje wa nyumbani, yule anayekunyima usingizi, anafanya vilevile ila amegeuza: kwake bawa la kulia ndilo linalokaa juu.

Nilichukua bawa la kushoto, nikalipitishia ukucha wa kidole gumba, taratibu. Krrr. Kadogo, kakavu. Ssenga akaacha kuchambua. "Rudia," akasema. Nikarudia. Akanyoosha mkono, akalichukua, akalikwaruza mwenyewe karibu na sikio, halafu akaliita lile kundi lote la akina mama. Kwa robo saa baraza zima lilikuwa likikwaruza mabawa. Maisha yao yote wameyatupa.

Kiberiti namba moja: senene, bawa la mbele la dume, kushoto na kulia. Namba mbili: bawa la nyuma.

Jumamosi. Masaka hadi Kampala

Shingo inawaka. Asubuhi nimeamka na mstari mwekundu kuanzia sikioni hadi kwenye kola, una malengelenge kama niliyemwagiwa mafuta. Ni nairobi flai. Kofi lile la juzi lilimpasua, na sumu iko kwenye maji ya mwili wake. Akikutembelea tu hakuna neno, ukimponda ndipo unapata moto, tena unachelewa siku moja au mbili. Mwenye duka la dawa aliniambia nilipaswa kunawa kwa sabuni palepale, na anasema msimu wa senene anawaona wengi, maana mdudu huyo naye anapenda taa.

Kwa hasira nilimtafuta mwenzake kwenye glasi ya taa ya barazani nikampata amekufa. Ni mzuri, lazima nikiri: rangi ya chungwa na nyeusi kwa zamu, na mgongoni ana vifuniko viwili vifupi vya bluu vinavyong'aa, vifupi hadi unadhani hana mabawa. Nilikiinua kimoja kwa sindano. Chini yake bawa limekunjwa mara kadhaa, kama barua iliyokunjwa iingie kwenye bahasha ya senti tano. Nilipolinyoosha kwenye tone la maji lilikuwa refu mara kadhaa ya kifuniko. Mishipa yake michache, na imekatika pale pale mikunjo inapopita, ili bawa lipate pa kupinda. Kiberiti namba tatu, adui yangu.

Safari yenyewe haikuwa na mengi. Lukaya tumenunua gonja, ndizi ya kuchoma, kupitia dirishani. Kayabwe, kwenye mstari wa ikweta, watalii walikuwa wanapigwa picha ndani ya duara. Kampala nimefikia kwa mama mmoja Mnubi, rafiki wa familia, Kiswahili chake kinatiririka kuliko changu. Nimejifunza kwamba hapa ukisema teksi unaletewa daladala.

Usiku mvua kubwa.

Jumapili. Kampala

Mvua ilipokatika usiku kumbikumbi walitoka, na asubuhi ua wa mama ulikuwa umetandikwa mabawa kama maganda ya karanga. Mjukuu wake alikuwa anayafagia. Nimeokota machache kabla ya ufagio.

Kumbikumbi ana mabawa manne yanayofanana kwa urefu na umbo, kinyume na senene. Mishipa miwili ya ukingo wa mbele ni minene na myeusi. Mingine nyuma yake imefifia, lazima uinamishe bawa kwenye mwanga ndipo uione. Kwa nini? Bawa hili limejengwa kwa safari moja. Mdudu anaruka usiku mmoja, anatua, anajitingisha, mabawa yanakatika. Na hayachaniki ovyo: karibu na shina kuna mstari wa kuvunjikia, uliokuwapo tangu mwanzo, kama nukta nukta za kukatia stempu. Nimeyapanga mabawa ishirini mezani na yote yamekatika mahali pamoja, kama yamekatwa kwa wembe. Vipande vinavyobaki mwilini ni vidogo kama magamba.

Mama aliuliza kama ninakula kumbikumbi. Nikasema ndiyo. Basi mengine hayakuchorwa.

Jumatatu. Kampala hadi Jinja

Barabara ya Jinja ina soko la kuku wa kuchoma linaloitwa Namawojjolo. Kiganda kipepeo ni ekiwojjolo, na ukilisikia jina la soko unasikia vipepeo ndani yake, ijapokuwa sisi tuliona vijana wenye mishikaki wakikimbilia basi. Msitu wa Mabira ndio wenye vipepeo wenyewe. Gari lilisimama dakika kumi kwa pancha, kipepeo mmoja mweusi akaja kunywa maji kwenye tope. Nilimshika bila adabu, nikaachwa na unga mweusi vidoleni. Unga ule ni magamba, yamepangwa juu ya bawa kama vigae vya paa, na rangi yote iko humo. Chini yake bawa ni angavu kama la nzi. Katikati ya bawa kuna chumba kimoja kikubwa kisicho na mishipa, na mishipa inatoka kwenye kuta zake kuelekea ukingoni kama barabara zinazotoka kwenye kipilefti. Nilimwachia. Aliruka vizuri tu, ila ana upara.

Jinja, pwani ya Masese, nimempata mwenye mtumbwi aliyekaa visiwa vya Mwanza miaka kumi. Nilimwambia nataka kereng'ende. "Ndege au mdudu?" aliuliza, na swali lake lilikuwa la haki, maana jina hilo hilo tunampa yule kwale anayepiga kelele alfajiri. Nikasema mdudu. Akanishusha kwenye matete, akaniambia nitazame chini, usawa wa maji, siyo juu kama watu wote.

Kulikuwa na ganda tupu limeng'ang'ania tete, kahawia, mgongo umepasuka. Shubiri moja juu yake, kereng'ende mwenyewe, aliyetoka muda si mrefu. Mwili umepauka, macho kama maziwa yaliyotiwa chai. Mabawa manne ameyafumba juu ya mgongo, kitu ambacho kereng'ende mkubwa akishakomaa hakifanyi, na yanang'aa kama nailoni mpya. Sikumgusa. Mabawa hutoka kwenye ganda yakiwa yamekunjamana na laini, na mdudu huyajaza kwa kusukuma damu yake ndani ya mishipa, hadi utando unatanuka na kuanza kukauka. Ndiyo maana inaitwa mishipa, nilikuwa nadhani ni lugha ya wachoraji. Mingi ina njia ya hewa na neva ndani yake. Hata mdudu akishakomaa damu huendelea kupita humo, na bawa lisilopitiwa na damu hukauka na kuwa la kuvunjika. Nilikaa hapo saa nzima na dakika kadhaa. Ghafla akayafungua yote manne kwa mpigo mmoja, bapa, na hakuyafumba tena. Kisha akaondoka, akiyumba kama mlevi, akamezwa na ndege kabla hajafika mti wa kwanza. Mwenye mtumbwi akasema, "Polepole ndiyo hivyo."

Bawa la kuchora nilipata kwa kereng'ende mwekundu aliyekufa kwenye utando wa buibui. Hapa penseli ilinishinda. Mishipa ya kukingama haihesabiki, mamia ya vyumba, vyenye pembe nne karibu na ukingo wa mbele, vyenye pembe tano na sita ukirudi nyuma. Nilianza kuhesabu, nikafika sitini kwenye pembe moja nikaacha. Ila kuna alama tatu za kushika. Katikati ya ukingo wa mbele kuna kifundo, kijongo kidogo ambapo bawa linapata kupinda kidogo. Karibu na shina kuna chumba cha pembetatu: kwenye bawa la mbele kimesimama kukingama bawa, kwenye la nyuma kimelala kufuata urefu wake, na kwa huyu mwekundu na jamaa zake hiyo ni alama ya ukoo. Ya tatu ni doa lile jeusi karibu na ncha, ambalo watoto wetu hudhani ni jicho. Doa hilo ni chumba kilichonenepa, ni uzito wa makusudi. Mwaka 1972 Mswidi Åke Norberg alionyesha kwamba uzito huo mdogo ukiwa mahali hapo unazuia bawa lisianze kutetemeka mdudu anapoteleza kwa kasi. Yaani ni kama risasi ndogo ambayo fundi wa tairi anaigongea kwenye rimu. Nimeliweka doa hilo kwa penseli ya 2B, nimelikandamiza hadi karatasi ikang'aa.

Jumanne. Busoga, karibu na ziwa

Siku niliyoijia.

Bodaboda mbili na mwendo wa miguu. Mwenyeji wangu ni kijana anayezungukia mitego ya mbung'o; Kiswahili alikipata jeshini. Mtego wenyewe ni kitambaa cha bluu na cheusi chini ya chandarua cheupe chenye umbo la pia, umetundikwa kwenye uwazi kando ya kichaka cha lantana. Mbung'o huvutwa na bluu, hutua kwenye cheusi, kisha hupanda kuelekea mwanga na kunasa juu. Wa hapa anaitwa Glossina fuscipes, anapenda kingo za ziwa na mito, na vichaka kama hiki.

Baba yake alikuja kutusalimu akiwa na fimbo. Alipojua nachora mbung'o alikaa chini. Akasimulia miaka ya baada ya 1976, malale, ugonjwa wa usingizi, yalipoirudia Busoga, mashamba ya kahawa yameachwa na lantana imejaa kila mahali; watu wakisinzia kwenye sahani. Waganda waliuita mongota. Na kabla yake, alisema, babu zake waliondolewa ziwani. Hilo najua ni kweli kwa maandishi: kati ya 1900 na 1920 malale yaliua watu zaidi ya 250,000 kwenye eneo hili la ziwa, mwaka 1903 David Bruce akiwa Entebbe akaonyesha kwamba mbung'o ndiye anayeyabeba, na serikali ya kikoloni ikawahamisha watu wa pwani kwa nguvu. Mzee alisema jambo moja tu juu ya hayo: "Waliwahamisha watu, nzi wakabaki na samaki."

Kwenye chupa kulikuwa na tisa. Kijana alinimwagia mmoja kwenye karatasi nyeupe, amekufa, mabawa yamelala vilevile anavyolala akiwa hai: moja juu ya jingine kabisa, kama makali ya mkasi uliofungwa. Nzi wa jikoni huyaacha yakitanuka pembeni. Kosa langu la kwanza la Agosti, kabla hata ya mishipa.

Tukalitoa bawa la kulia, tukalilaza kwenye kioo na tone la maji. Lenzi. Mishipa michache, mitupu, haina pa kujificha. Kijana akanielekezea katikati kwa sindano, kati ya mshipa wa nne na wa tano. "Unaona shoka?"

Sikuona. Nikaligeuza kwenye mwanga. Halafu nikaliona, na tangu hapo siwezi kutoliona. Chumba cha katikati kimekatwa kama shoka la bucha: upande mmoja mpini mwembamba, upande mwingine ubapa mpana, kwa sababu mshipa wa nne unateremka kwa kupinda kabla ya kunyooka tena. Hakuna nzi mwingine mwenye chumba chenye umbo hilo. Mtu anayejua anaweza kupewa bawa moja lililookotwa, bila kichwa, bila mdomo, akakwambia huyu ni mbung'o. Nami nilikuwa nimemchora mdomo kwa uangalifu mkubwa na mabawa kwa kukisia.

Nimelichora mara saba. La kwanza shoka likawa kisu, la pili likawa mguu wa kuku. Kijana anacheka, baba yake anatoa hukumu kwa kila moja. La saba mzee hakusema kitu, akalishika karatasi mbali na macho, akarudisha.

Nyuma ya bawa kijana akanionyesha pia kijiti kidogo chenye kichwa, kama njiti ya kiberiti iliyopauka. Nzi na mbu wana mabawa mawili tu; jozi ya pili imegeuka kuwa vijiti hivyo, vinavyopiga pamoja na mabawa na kumwambia mdudu ameinama upande gani. Ukivikata anaanguka. Vijiti hivyo sikuvichora Agosti hata kwa bahati mbaya.

Jambo la mwisho sikulitegemea. Bawa langu lilikuwa na ukingo wa nyuma uliochanika kidogo, nikaomba lingine zuri. Kijana akakataa, akachukua daftari lake. Wao huangalia mchaniko huo kukadiria umri wa dume: madaraja sita, la kwanza ukingo mzima, la sita limechakaa kama bendera iliyosahauliwa mlingotini. Langu akaliandika la tatu. "Chora hivyo hivyo," akasema, "huyu alikuwa mtu mzima."

Nikachora mchaniko.

Jumatano. Njiani

Viberiti vyote nimemwachia kijana. Alinieleza kwamba kuvusha wadudu mpakani kunahitaji karatasi, na mimi karatasi nilizonazo ni za kuchorea. Ssenga alinipigia nikiwa kwenye basi kuniuliza kama mlio wa senene unatoka pia kwenye bawa la kulia. Shingo imeanza kubanduka.

Alhamisi. Bukoba

Nimetandika turubai sakafuni, mita mbili, nikaanza na mbung'o. Kosta kwanza, nene, kuanzia kushoto. Mishipa ya tuta nimeipa kivuli upande wa chini, ya bondeni upande wa juu, na turubai likaanza kuonekana kama lina mikunjo. Shoka nimelipima kwa rula. Mke wangu alipita na chai, akasimama, akauliza mdudu mwenyewe yuko wapi.

"Ndiye huyo," nikamwambia. Mchaniko ulikuwa bado, nikampisha apite, nikanoa penseli.